Kadi ya Braza

Katika Kiswahili chetu tumekipa kisukari umri. Kipo cha utotoni na kipo cha ukubwani. Cha utotoni, wanasema, ni cha sindano. Cha ukubwani ni cha vidonge. Ni majina mepesi, yanakaa mdomoni vizuri, hata bibi asiyejua a wala be anaweza kukueleza tofauti yake huku anachagua mbaazi kwenye ungo. Nami sina ugomvi na majina mepesi. Ugomvi wangu ni na hili la pili, maana lilikaribia kumuua kaka yangu wa kuzaliwa, papa hapa Bagara, mchana kweupe, huku kila mtu akifanya sawasawa na alivyoambiwa afanye.

Ndugu msomaji, sikukaa kitako kuandika haya ili nimshitaki mtu. Kituo alichotibiwa braza sikitaji, wala mganga aliyemwandikia kadi simtaji. Alikuwa mtu mwema, anasalimia watu njiani, na aliandika kile ambacho watu wengi wamefundishwa kuandika: mgonjwa mtu mzima, amepita miaka thelathini, sukari imepanda, basi aina ya pili. Imekwisha. Mwingine.

Hiyo ilikuwa mwaka 2016. Braza alikuwa na miaka 34. Wasioijua Babati niwaambie kwamba huku mbaazi si mboga tu, mbaazi ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni mahari. Msimu ukifika magunia yanapangwa kama kuta, na braza alikuwa mmoja wa wale vijana wanaoyapandisha kwenye lori. Gunia la kilo mia analiweka begani kama mtu anavyoweka taulo. Baadaye alipata mtaji kidogo akawa ananunua mwenyewe kwa wakulima na kuuza kwa wenye magari. Mwembamba siku zote, mwembamba wa kazi, si wa njaa. Halafu ghafla akawa anakunywa maji. Dumu la lita tano linaisha kabla jua halijazama, na usiku shemeji anasikia mlango unafunguliwa mara nne, mara tano, mtu anatoka kukojoa. Suruali zikaanza kumtoka. Akaenda kupima, kipimo kikasema kisukari, akapewa kadi.

Masharti aliyopewa nayakumbuka kwa sababu yalibandikwa ukutani, juu ya kabati la vyombo. Acha sukari. Punguza ugali. Punguza mafuta. Fanya mazoezi. Punguza uzito.

Punguza uzito! Mtu ana kilo hamsini na nne na viatu. Na mazoezi gani tena, mtu anayeshinda na magunia ya watu? Braza aliyasoma yale masharti, akacheka, akasema, "Mdogo wangu, hawa wanadhani mimi ni mbunge." Lakini aliyafuata. Huyu ni mtu ambaye akiambiwa na mkubwa fanya hivi, anafanya. Akaacha chai ya sukari, akawa anakunywa ya rangi, chungu, huku sisi wengine tunaona aibu kukoroga vikombe vyetu mbele yake.

Na vidonge vikafanya kazi. Hapo ndipo penye hila ya ugonjwa wenyewe, ndiyo maana napataja. Miezi ya mwanzo sukari ilishuka, kiu ikapungua, mama akatoa sadaka ya shukrani kanisani. Kama vidonge vingegoma siku ya kwanza pengine mtu angeshituka. Havikugoma. Vilimkubali karibu mwaka mzima.

Mwaka 2017 ukaharibika kwa pande mbili. Mwezi wa nane India, ambako mbaazi zetu nyingi zilikuwa zikienda, iliweka ukomo wa mbaazi za kuingiza nchini mwake, na bei huku ikaanguka kama mtu aliyekatiwa kamba. Wakulima walibaki na magunia ndani wakiyatazama. Braza alikuwa amenunua kwa bei ya juu. Wakati huo huo sukari ikaanza kupanda tena. Kliniki wakasema ni mawazo. Mtu atakataa? Mawazo alikuwa nayo, tena ya magunia mengi. Wakaongeza vidonge. Ikapanda. Wakaongeza tena. Glibenklamaidi asubuhi na jioni, metformini mara tatu, na mwili unazidi kuyeyuka.

Sasa hapa likaanza jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku linanikosesha usingizi. Maana ugonjwa ukishaitwa wa ukubwani, ukishaitwa wa kula vibaya na kunenepa, basi mgonjwa asipopona kosa ni lake. Jina lenyewe limeshamhukumu. Nesi mmoja alimwambia mbele ya foleni, "Wewe baba, unakunywa soda kwa siri, usitudanganye, kipimo hakidanganyi." Mama, Mungu amrehemu, akaanza kumchungulia kwenye sahani. Akiongeza kijiko cha wali, mama anaguna. Ndugu wa upande wetu wakaanza kusema shemeji anampikia mafuta. Shemeji akalia, akahamia kupika mchicha wa kuchemsha nyumba nzima, watoto wakawa wanakwenda kula kwa jirani. Na braza, ambaye njaa ilikuwa inamtafuna kweli, njaa ya mwili unaokula wenyewe, alikuwa anaamka mezani kabla hajashiba ili asionekane mlafi.

Huko nje nako kukawa na maneno. Kwenye kijiwe cha bajaji mtu akikonda maelezo ni moja tu, na si kisukari. Alipima virusi mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili yake mwenyewe, mara ya pili kwa ajili ya mkewe, mara ya tatu kwa ajili ya majirani. Mara zote hana. Majirani hawakuridhika, wakasema basi karogwa, mtu wa mbaazi amemfunga biashara na mwili. Zikaja mlonge, yakaja majani ya mstafeli, ukaja unga fulani wa kijivu kutoka Kondoa ambao mpaka leo hatujui ulikuwa kitu gani. Vyote alikunywa. Alikuwa amefika mahali pa kunywa chochote.

Mwezi wa tatu mwaka 2018, masika yameanza, njia ya kwetu kutokea ziwani imejaa tope, shemeji alinigongea saa nane za usiku. Braza alikuwa anatapika tangu jioni. Anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu ndefu kama mtu aliyekimbia kutoka mlima Kwaraa, na hali amelala. Pumzi yenyewe inanuka matunda yaliyoiva yakapitiliza, au ile dawa wanayofutia rangi ya kucha. Tulimpakia kwenye bajaji, nimemshika mimi, na nilipomshika kwapani ndipo nilipojua kilo zilivyokwisha: nilikuwa nimeshika mbavu tu na joto.

Hospitalini zamu ilikuwa ya daktari kijana, binti, nadhani hata miaka yangu hajaifikisha. Alichovya kijiti kwenye mkojo, akakitazama kwenye mwanga, kimegeuka zambarau. Akaanza kutundika maji na insulini bila maneno mengi. Alfajiri, braza alipofumbua macho, akavuta stuli akakaa.

"Kaka, hiki kisukari nani alikuambia ni cha ukubwani?"

Braza akasema kwa sauti ndogo, "Kadi ndiyo inasema."

"Na wewe mwili wako unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Akamweleza yote, uzito wake wa zamani, vidonge vilivyokubali halafu vikakataa, soda asiyokunywa. Yule binti akawa anatikisa kichwa tu. Mwisho akasema neno ambalo lilimliza mtu mzima: "Kaka, wewe hukukosea chakula. Mwili wako hauna insulini, na wasio na insulini hawaponi kwa kufunga kula."

Tangu siku ile nilianza kusoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mganga, lakini kusoma najua, na yule daktari alinisaidia kwa subira kubwa. Nitakueleza nilivyoelewa.

Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kongosho, na ndani ya kongosho kuna visiwa vidogo vya chembe zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayofungulia sukari mlango wa kuingia mwilini ifanye kazi. Katika aina ya pili, ile ya watu wengi, insulini ipo, ila mwili umekuwa mkaidi, hauitikii mlango ukibishwa. Katika aina ya kwanza mambo ni mengine kabisa. Mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu, na askari hawa huacha alama kwenye damu zinazoitwa kingamwili. Unakumbuka sungusungu? Sasa fikiria sungusungu waliowekwa kulinda kijiji wanageuka wanachoma ghala la kijiji chao wenyewe. Ndivyo inavyokuwa. Wanaziua zile chembe, na zikiisha, insulini imeisha. Kwa mtoto moto huwa wa haraka, majuma au miezi michache ghala ni majivu. Kwa mtu mzima mara nyingi huwaka polepole. Chembe zinapungua, zilizobaki zinajitahidi, na vidonge kama glibenklamaidi vinazikamua kidogo kilichobaki. Mgonjwa anapata nafuu. Halafu siku moja hakuna cha kukamua.

Kwa hiyo kisukari cha utotoni kinaweza kumpata mtu wa miaka 34, au wa 50, kikaja kimevaa koti la ukubwani. Wazungu wamekipa jina la kifupi, LADA, ambalo kwa msemaji wa Kiswahili asiyejali "dh" linasikika kama ladha. Braza alipolisikia alisema, "Ladha gani na chai yenyewe siwekei sukari."

Na jambo hili si geni. Mwaka 1974 kule London, Gian Franco Bottazzo, Deborah Doniach na mwenzao walionyesha kingamwili hizi kwenye damu ya wenye kisukari. Mwaka 1977 W. J. Irvine na wenzake Edinburgh wakazikuta kwa watu wanaotumia vidonge, ambao baadaye wengi walihitaji sindano. Mwaka 1993 Tiinamaija Tuomi, Paul Zimmet na wenzao wakatumia kipimo kipya, cha kingamwili dhidi ya kitu kinaitwa GAD, wakawatambua watu wazima ambao ugonjwa wao ulianza kama wa vidonge kumbe mizizi yake ni ile ya sindano. Uingereza mwaka 1997 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa 3,672, wenye miaka 25 hadi 65, wote wameshaandikwa aina ya pili: kama 12 katika kila 100 walikuwa na kingamwili, na waliokuwa vijana zaidi kati yao wengi waliishia kwenye insulini ndani ya miaka sita. Sasa piga hesabu. Kutoka 1993 mpaka kadi ya braza ni miaka 23. Habari ilikuwa njiani miaka 23 na ilikuwa bado haijafika kwetu.

Lakini ngoja, nisije nikaonekana nawasema wa kijijini tu. Mwaka 2012 Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, mama wa miaka 56, alikuwa amepungua uzito, anasikia kiu, akadhani ni shughuli nyingi. Akaambiwa aina ya pili, akapewa vidonge. Havikusaidia. Vipimo vikarudiwa, ikaonekana ni aina ya kwanza, na mwaka uliofuata alilitangaza hadharani. Alikuja kuwa Waziri Mkuu mwezi wa saba mwaka 2016, mwaka ule ule braza aliopewa kadi, anajidunga sindano kila siku kati ya vikao. Ikiwa mtu mwenye London nzima ya madaktari alikosewa kwa sababu ya umri wake, utashangaa nini Bagara? Tofauti ni kwamba yeye walirudia kupima. Braza walirudia kumlaumu.

Nilitaka kujua kwetu ikoje, maana vitabu hivi vingi vinahesabu Wazungu. Hapa Tanzania Janet Lutale na wenzake walipima damu za wagonjwa wa Muhimbili, matokeo yakatoka mwaka 2007, na kingamwili zilikutwa hata kwa baadhi ya walioandikwa aina ya pili. Uganda, Davis Kibirige na wenzake walitoa yao mwaka 2022: watu wazima 534 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari, na 34 wakakutwa na angalau kingamwili ya aina moja. Sita na ushee katika mia. Si wengi, utasema. Mimi nawaona foleni ya kliniki ya Jumanne, watu mia wamekaa kwenye mabenchi na kadi zao mkononi, na sita kati yao wanaambiwa wapunguze kula.

Halafu mambo yakazidi kuchanganya, na hapa ndipo niliposhindwa kulala na kitabu. Nilikuwa nimeshapanga kichwani sheria yangu: mnene, vidonge, mwembamba, sindano. Yule daktari akaivunja. Akasema si hivyo, mwalimu. Huku kwetu wapo wembamba wengi wenye kisukari ambao kingamwili hawana kabisa. Mwaka 2025 ulitolewa uchunguzi wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, watoto na vijana 894 waliokuwa wameandikwa aina ya kwanza, na karibu theluthi mbili yao hawakuwa na kingamwili. Mwaka huo huo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likatambua rasmi aina ya tano, ya watu waliokosa lishe, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeuondoa kwenye orodha yake mwaka 1999. Maana yake kukonda peke yake hakukuambii kitu. Umri peke yake haukuambii kitu. Unatakiwa umwangalie mtu.

Na kumbe kuna Watanzania, au tuseme watu wa Tanzania, walioliona hilo zamani. Katika miaka ya 1981 mpaka 1987 akina Andrew Swai na Profesa Donald McLarty pale Muhimbili waliandikisha wagonjwa wapya 1,250. Waliohitaji insulini 272. Wasiohitaji 825. Jumlisha, utaona watu wanapungua. Waliobaki ni 153, na hao waliandikwa aina yao haijulikani.

Mimi hiyo namba 153 naipenda kuliko namba zote nilizokutana nazo katika shughuli hii. Fikiria, enzi zile, dawa za shida, karatasi za shida, na mtu mwenye shahada zake anakaa na mgonjwa, anatazama, halafu anakubali kuandika kwamba sijui bado. Hakumsukumia kwenye chumba cha kushoto wala cha kulia ili foleni isogee. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipopanga upya aina za kisukari, liliweka mahali pa kisukari cha watu wazima kinachoendelea polepole kwa kinga ya mwili, na liliweka pia mahali pa "haijapangwa", pa kukaa mtu kwa muda mpaka ijulikane. Kadi ya braza haikuwa na mahali hapo. Ilikuwa na visanduku viwili, na mwandishi alikuwa na kalamu moja.

Kipimo cha kingamwili tulikifanya kwa mchango wa ukoo. Daktari hakutulazimisha. Alisema matibabu hayatabadilika, sindano ameshaanza na anaonekana anaihitaji, kipimo ni cha kujua tu. Lakini mama ndiye aliyesema kipimwe. Akasimama kwenye kikao, mtu ambaye vikaoni hasemi, akasema, "Nataka karatasi inayosema mwanangu hakula kwa siri." Watu wakachangia. Mjomba aliuza mbuzi. Damu ikachukuliwa, ikasafirishwa mbali, majuma mawili na nusu yakapita, jibu likaja: kingamwili dhidi ya GAD zipo, tena nyingi. Mama alikaa na ile karatasi siku nzima mapajani. Hasomi Kiingereza. Alikuwa anaigusa tu.

Nimalizie na maisha yenyewe yalivyo, maana watu huuliza.

Insulini si mwisho wa shida, ni aina nyingine ya shida, ila hii mtu anaishi nayo. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 wa Toronto, ndiye wa kwanza kuchomwa, mwezi wa kwanza mwaka 1922. Kabla yake watu kama braza walikuwa wanawekwa kwenye njaa mpaka wafe taratibu. Karne imepita na bado kuna mwezi ambao chupa inakosekana dukani, na upo mwezi ambao chupa ipo na hela ndiyo haipo. Braza amerudi kilo sitini na tatu. Magunia habebi tena sana, ananunua na kuuza. Mfukoni ana pipi, yeye aliyekatazwa sukari miaka miwili, kwa sababu sasa hatari nyingine ni sukari kushuka, na ikishuka anatoka jasho na kuongea ovyo, watu sokoni wakadhani kalewa asubuhi. Mara mbili mwenye duka la vifaa vya baiskeli amemwokoa kwa soda. Soda ile ile.

Friji hatuna. Chupa inakaa ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo kimo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliomwagiwa maji, chini ya kitanda upande usiopigwa na jua. Watu wa mjini wakiona wanasikitika. Wasisikitike. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini kwa joto la kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, wakatoa matokeo mwaka 2021: majuma manne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na nguvu yake ilikuwa sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Bagara yetu na upepo wa ziwa haifiki huko. Mwezi wa saba sisi wenyewe tunalala na makoti.

Taabu iliyobaki ni kadi. Kadi ya mwanzo ilijaa, akapewa mpya, na aliyenakili alinakili kila kitu kama kilivyo, pamoja na aina ya pili. Daktari wetu alikata kwa wino mwekundu. Akahamishwa, wakaja wengine. Kadi ya tatu imerudi vile vile, mtu anaangalia mwaka wa kuzaliwa, anaandika. Mwaka jana msaidizi mmoja mgeni alimwambia braza sindano hizi za nini, wewe mtu mzima, vidonge vinatosha, turudishe vidonge. Braza hakubishana. Alitia mkono mfuko wa shati akatoa ile karatasi ya kipimo, ambayo huenda nayo kila mahali, kliniki, mnadani, hata harusini, ndani ya mfuko wa nailoni. Yule bwana akaisoma mara mbili, akaandika alichotakiwa kuandika.

Karatasi yenyewe imeanza kuchakaa. Imekunjwa mara nne, na mkunjo mmoja umepita juu ya mstari wenye jibu, herufi zimeanza kumeguka. Juzi shemeji aliibandika soltepu, halafu akanipa niende nikatoe nakala pale stesheneri ya karibu na stendi. Umeme ulikuwa umekatika. Yule kijana alisema nirudi kesho, na nisisahau kuja na chenji.